Taa za silingi ofisini: panga meza kwanza, fundi jipsamu baadae

Ofisi nyingi za huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia fremu za ghorofani Mwanjelwa mpaka vyumba vya kupanga Kihesa na Mafinga, taa zake hazijapangwa na mtu wa umeme wala na mtu atakayekaa pale, zimepangwa na fundi jipsamu. Anakuja na picha kwenye simu, anakwambia "bosi hapa tupige spoti kumi na sita, pembeni tuzungushe mkanda wa bluu, itawaka hatari", na kweli inawaka, siku ya kwanza kila mtu anapiga picha. Wiki mbili mbele mhasibu anaumwa kichwa kila ikifika saa tisa, dada wa mapokezi anahamisha kiti kila siku, na mama wa masijala kawasha tochi ya simu anatafuta faili wakati juu ya kichwa chake kuna taa kibao. Hela imetumika, mwanga mezani hamna.

Kwa hiyo anza upande wa pili. Kabla hujaita fundi yeyote chukua karatasi, chora chumba, weka dirisha lilipo, weka mlango, alafu weka meza. Meza ndio zinaamua taa zikae wapi, silingi inafuata.

Kwenye kuweka meza kitu kikubwa ni dirisha likae ubavuni mwa mtu. Ukilipa mgongo dirisha, mwanga wote unagonga kwenye skrini, ukiliangalia uso kwa uso macho yanahangaika kati ya anga jeupe na skrini yenye giza. Na kama unatumia mkono wa kulia kuandika, dirisha likiwa kushoto ni bora zaidi maana kivuli cha mkono hakiangukii unapoandika. (Kwenye vikao vya zoom ni kinyume kidogo, pale geuka uliangalie dirisha dakika chache, la sivyo watu wanaona kivuli tu kinaongea.)

Alafu jua la huku ulijue, usikopi mpango wa ofisi ya Dar. Mbeya iko magharibi zaidi, jua letu linachelewa kwa dakika ishirini na kitu hivi, jua la utosi huku linakaribia saa saba kasoro robo mchana, na maana yake ni kwamba dirisha la magharibi linakusumbua kuanzia saa tisa mpaka unafunga ofisi. Kama una uchaguzi wa chumba, upande wa magharibi weka stoo au chumba cha kikao, watu wa kompyuta wape kusini au kaskazini. Kusini ndio pametulia zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka, jua linahamia upande huo kuanzia katikati ya Oktoba mpaka mwisho wa Februari, na sehemu kubwa ya miezi hiyo huku ni mawingu na mvua, linakuwa si tatizo sana. Kaskazini jua linashuka kidogo mwezi wa sita na wa saba lakini paa likiwa limetoka vizuri nje ya ukuta linalikata.

Ila hayo mawingu ndio sababu huwezi kusema "madirisha makubwa yapo, taa za nini". Asubuhi ya ukungu Njombe au Makambako, saa mbili watu wameshafika, mapazia yamefungwa kuzuia baridi, chumba kiko kama jioni. Taa zipangiwe siku ya namna hiyo, siku ya jua utazizima.

Sasa tuje kwenye kiasi, na hapa ndipo watu wanapigwa maana dukani kila kitu kinaongelewa kwa wati. Wati ni umeme unaokula, haikwambii mwanga unaopata. Mwanga unaotoka kwenye taa unapimwa kwa lumeni, angalia kwenye boksi, kama hawajaandika lumeni hilo boksi rudisha. Mwanga unaofika mezani unapimwa kwa laksi, na laksi moja ni lumeni moja iliyosambaa kwenye mita ya mraba moja, basi. Kiwango cha Ulaya cha taa za ndani, EN 12464-1, kinataka laksi 500 kwa kazi za kusoma, kuandika na kompyuta, vilevile chumba cha kikao, 300 kwa mapokezi na sehemu ya kupanga mafaili na kutoa kopi, 100 kwenye korido, na wachoraji ramani 750. Mi naona kwa ofisi zetu hizo namba zinafaa kabisa, na kama una wazee ofisini usishuke chini yake, jicho la mtu wa miaka sitini linahitaji mwanga mwingi kuliko la kijana wa field.

Hesabu yake ni nyepesi, tuifanye pamoja. Chukua ofisi ya mita 6 kwa 5, mita za mraba 30, kuta nyeupe, silingi nyeupe, urefu wa kwenda juu mita 2.7. Unataka laksi 500, kwahiyo 500 mara 30 ni lumeni 15,000 zinazotakiwa zifike mezani. Lakini si kila lumeni inayotoka juu inafika chini, nyingine zinamezwa na kuta na sakafu, kwa chumba cheupe cha ukubwa huo kadiria asilimia 60 zinafika. Alafu taa inachoka na inashika vumbi, weka 0.8 hapo. 0.6 mara 0.8 ni 0.48, gawanya 15,000 kwa 0.48 unapata lumeni 31,250. Paneli ya LED, ile taa bapa ya mraba, ya sentimita 60 kwa 60 na wati 40 ambayo ni ya ukweli inatoa kama lumeni 4,000, kwahiyo unahitaji nane.

Rudi sasa kwa zile spoti kumi na sita za fundi. Spoti ya wati 5 inatoa lumeni 400 hivi, zote kwa pamoja 6,400. Hata robo ya ile 31,250 hazifikii vizuri. Na zile ofisi zenye balbu moja ya wati 9 katikati, lumeni 900 ukibahatika, kwenye chumba hichohicho mezani inafika laksi kama 14. Watu wanafanya mahesabu ya mishahara kwenye laksi 14.

Rangi ya chumba inakula hela kuliko unavyodhani. Huku kwetu mbao ipo, msitu wa kupandwa wa Sao Hill uko jirani, kwahiyo silingi ya mbao za paini iliyopigwa vanishi ni kitu cha kawaida na inapendeza, sikatai. Ukiongeza na ule mtindo wa kupiga rangi ya mafuta ya kahawia nusu ya ukuta kwenda chini ili uchafu usionekane, chumba kinameza mwanga. Badala ya 0.6 unabaki na 0.45 hivi, hesabu inapanda mpaka lumeni 41,600 na ushee, paneli kumi na moja, na ili zikae kwa mistari inabidi uweke kumi na mbili. Paneli nne za ziada, unazilipia dukani na unazilipia Luku kila mwezi, wakati ndoo mbili za rangi nyeupe isiyong'aa zingemaliza. Kama mwenye nyumba hataki uguse mbao zake basi paka kuta tu, hata hivyo utaona tofauti. Isiyong'aa nasema kwa makusudi, rangi ya kung'aa na meza za kioo zinarudisha mwanga machoni.

Chumba kidogo nacho kina ukorofi wake kwa sababu kuta ziko karibu na zinameza zaidi, cha mita 3 kwa 4 kadiria 0.5 badala ya 0.6, inakuja lumeni 15,000, paneli nne.

Kama bajeti imebana usilazimishe paneli nane. Weka mwanga wa jumla wa laksi 300, kwenye chumba chetu kile zinatosha tano ila weka sita zikae mbilimbili, alafu wape taa ya mezani wale wanaosoma karatasi sana, mhasibu, mtu wa masijala, mhariri. Hii mi naipenda hata kwa wenye hela, kwa sababu mtu anakuwa na taa yake anayoisogeza mwenyewe bila kugombana na mwenzake.

Kuzipanga. Paneli nane kwenye mita 6 kwa 5 zinakaa mistari miwili ya nne nne, mistari iende sambamba na dirisha, tuseme dirisha liko upande wa mita 6. Mstari wa kwanza mita 1.25 kutoka ukutani, wa pili mita 2.5 kutoka kwa wa kwanza, inabaki 1.25 tena. Kwenye mstari wenyewe ya kwanza sentimita 75 kutoka ukutani, zinazofuata kila mita moja na nusu, zote hizo unapima mpaka katikati ya paneli. Kanuni ya haraka, umbali wa taa mpaka ukuta ni nusu ya umbali wa taa na taa. Na umbali wa taa na taa usizidi mara 1.3 hivi ya urefu kutoka mezani mpaka silingi, meza ni sentimita 75, silingi 2.7, katikati mita 1.95, kwahiyo 2.5 ndio mwisho wako. Ukizidisha hapo yanatokea madoa ya giza katikati.

Sasa weka huo mchoro juu ya mchoro wa meza uone. Taa inatakiwa iangukie pembeni mwa mtu, bega la kushoto na la kulia, sio utosini na sio nyuma yake. Ikiwa nyuma, kichwa chake kinatupa kivuli mezani na taa yenyewe inaonekana kwenye skrini. Hapa kuna kipimo cha bure kabisa: kaa kwenye kiti, zima simu iwe nyeusi, ishike pale skrini itakapokaa, imesimama kama skrini. Ukiona taa au dirisha ndani ya hiyo simu nyeusi, ndicho atakachokiona mfanyakazi siku nzima. Sogeza meza mpaka ipotee. Kusogeza meza ni bure, kusogeza paneli ni kutoboa jipsamu upya na kuziba tundu la zamani, na kiraka huwa kinaonekana tu.

Majengo ya zamani, yale ya Iringa mjini yenye silingi mita tatu na nusu au nne, usiweke paneli kule juu ukategemea mwanga ushuke wenyewe. Zining'inize kwa waya mpaka mita 2.5 au 2.7 kutoka sakafuni. Na kama juu ni zege au mbao hutaki kutoboa zipo paneli za kubandika zenye fremu yake, zinafungwa kwa skrubu.

Rangi ya mwanga. Dukani ukisema "nataka nyeupe" utapewa 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), ule mweupe wenye ubluu, na duka zima ndio wanayo. Inaonekana kali na watu wanadhani kali ndio mwanga mwingi, hapana, lumeni ni zilezile. Kwa ofisi tafuta 4000K, nyeupe iliyotulia, na kwa baridi ya huku mwezi wa saba chumba cha 6500K kinakuwa kama friji, hilo ni langu binafsi lakini waulize watu waliokaa humo. 3000K, ile ya njano, iache mapokezi au sehemu ya chai. Mradi chumba kimoja rangi moja, usichanganye. Pia angalia pameandikwa CRI au Ra (kipimo cha taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu) 80 kwenda juu, chini ya hapo rangi zinadanganya, na kama ofisi yako inashughulika na vitambaa, uchapaji au picha nenda 90.

Mwanga unaochoma macho unapimwa kwa kitu kinaitwa UGR, ofisini kile kiwango cha Ulaya kinataka isizidi 19. Kwenye boksi za bei ya chini hutaiona, ila ukiiona imeandikwa chini ya 19 na bei haijakushinda, chukua. Usipoiona muombe muuzaji awashe paneli, iangalie kutokea pembeni kama mtu aliyekaa meza ya mbali, kama unaziona tembe za ndani zinazotoa mwanga zinakuchoma au unalazimika kufumba jicho, hiyo ni ya godauni.

Ukiwa hapohapo dukani toa simu, fungua kamera, ielekeze kwenye taa. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, taa inapepesa haraka kuliko jicho linavyoona, na hizo ndizo zinazoleta kichwa kuuma bila mtu kujua sababu. Ziko zinazopita kamera moja na kukamatwa na nyingine, jaribu na simu ya mwenzako.

Alafu draiva, kile kiboksi kidogo cha nyuma kinachoilisha taa umeme. Tembe za mwanga zinadumu sana, kinachokufa ni draiva, hasa umeme ukiyumba. Soma ilivyoandikwa, inayosema 220-240V peke yake haina uvumilivu, tafuta yenye wigo mpana, kama 85-265V, na iwe ya kuchomoa ili ikifa ubadilishe yenyewe bila kununua paneli nzima. Huku radi si mchezo masika ikianza, mwambie fundi akuwekee kinga ya radi kwenye boksi la breka, gharama yake ukilinganisha na draiva nane na kompyuta ni ndogo sana. Na kuanzia mvua za kwanza kumbikumbi wanafuata taa, chagua paneli iliyozibwa nyuma, zile zenye nafasi zinajaa mabawa mpaka mwanga unakuwa wa madoa.

Wenye fremu za zamani za tyubulaiti mnaweza kuziacha, weka tyubu za LED za futi nne, wati 18 inatoa lumeni 1,800 hivi, kwa chumba chetu kumi na nane yani fremu tisa za mbilimbili. Zipo za aina tofauti, zinazoingizwa umeme upande mmoja na zinazoingizwa pande zote mbili, nyingi zinataka choki na stata vitolewe, kwahiyo fundi asome maelekezo kabla ya kuchomeka. Tyubu za zamani zina zebaki, msizipasue kwenye ndoo ya taka za ofisi.

Upande wa waya sitaki kukufundisha ufanye mwenyewe, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, umuombe aionyeshe. Wewe mwambie haya: waya wa taa milimita za mraba 1.5, breka yake peke yake ya ampia 6 au 10 isichanganywe na soketi, athi ifike kwenye kila taa yenye mwili wa chuma, waya zipite kwenye bomba huko juu maana panya wa kwenye silingi wanaguguna kila kitu. Swichi ndio usimuachie aamue. Mstari wa dirishani swichi yake, mstari wa ndani swichi yake, mapokezi yake. Chumba chetu kile paneli nane ni wati 320, masaa 9 kwa siku 22 inafika uniti 63 kwa mwezi. Ukizima mstari wa dirishani masaa matano tu kwa siku unaokoa uniti 17 na nusu. Swichi moja kwa chumba kizima ikikaa mlangoni, hamna atakayezima, taa zinawaka na jua limejaa mpaka kwenye keyboard.

Umeme ukikatika usiku mtu asipapase ngazi. Weka taa moja ya dharura yenye betri yake juu ya mlango na nyingine kwenye ngazi, kama mna inveta mpe paneli mbili tatu za katikati, sio zote.

Mpangilio wa mafundi: wa umeme anaweka alama mahali pa paneli na kupitisha waya kwanza, na alama zihamishiwe sakafuni kwa chaki, ndipo wa jipsamu afunge chaneli zake (vyuma vinavyobeba jipsamu) akikwepa hizo sehemu. Wakikutana wote wawili siku moja kabla ya kazi kuanza, wewe ukiwa katikati na mchoro wako wa meza, ugomvi wa "chaneli yako iko kwenye tundu langu" unaisha hapo. Silingi ya vigae vya 60 kwa 60 haina shida hii, paneli inakaa kama kigae.

Kabla hujamalizia hela ya fundi rudi jioni, jua likishazama, washa zote, pakua app ya kupima mwanga kwenye simu. Si kipimo cha maabara, ila kwa kulinganisha meza na meza inatosha. Ilaze mezani kioo kikiangalia juu, jitoe usiitupie kivuli, soma, hamia meza inayofuata. Yenye mwanga mdogo isiwe chini ya nusu ya yenye mwanga mwingi. Mapaneli mapya yasome kidogo juu ya 500, maana yatashuka. Kila miezi sita yafutwe vumbi na kitambaa kikavu yakiwa yamezimwa, barabara za vumbi za huku kiangazi hazina huruma.

Na siku unanunua, ongeza paneli moja na draiva mbili za aina ileile, weka stoo. Mwaka kesho ukienda kutafuta utaambiwa "hii sasa haiji tena, chukua hii inafanana", utaifunga, na itakuwa nyeupe ya aina nyingine katikati ya zile saba.